Kilomita ya Tisa: Mafunzo Niliyopata Kwenye Mbio za Pikipiki za Porini

Wiki iliyopita kijana mmoja alifika gereji kwangu, hapa Unga Limited, Arusha, akisukuma pikipiki ya porini aliyoinunua mkononi mwa mtu. Alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano yake ya kwanza, na alikuwa na swali moja tu: "Shikamoo mzee. Tufunge nini ili ikimbie zaidi?"

Nilimvutia kigoda akae. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza miaka 13 iliyopita, nikiwa na miaka 38, na fundi niliyemuuliza aliniuzia ekzosi.

Nimeendesha pikipiki tangu nikiwa na miaka 16. Nilijifunzia Yamaha DT 125 ya bwana shamba wa kijijini kwetu, baadaye nikabeba abiria mjini, kisha nikawa fundi. Kwa hiyo siku niliposimama kwenye mstari wa kuanzia, upande wa Longido, ukishapita Oldonyo Sambu kwa barabara ya Namanga, sikujiona mgeni hata kidogo. Mzunguko ulikuwa wa kilomita 14. Tulitakiwa kuzunguka kwa saa mbili, na mwenye mizunguko mingi ndiye mshindi. Mimi niliishia kilomita ya tisa ya mzunguko wa kwanza. Nilikuwa nimekaa chini ya mgunga, mikono haina hisia, na Honda XR 250 yangu inatoa moshi wa bluu.

Tangu siku ile nimeshindana mara 11 na nimeshindwa kumaliza mara 4. Sijawahi kupanda jukwaani. Ninachokijua ni namna ya kufika mwisho, na nilikijua kwa gharama kubwa kuliko ilivyohitajika. Haya ndiyo niliyomweleza yule kijana, pamoja na machache niliyoyakumbuka baada ya yeye kuondoka.

1. Kona ya kwanza haina zawadi

Tulipangwa safu kwa safu, watu watano watano, injini zimezimwa. Bendera ikishuka unapiga kiki, unaondoka. Moyo ulikuwa unadunda hadi nausikia ndani ya helmeti. Niliwaza kwamba nikiwahi kona ya kwanza, vumbi watalila wao. Wazo lenyewe halikuwa baya, ila kila mtu kwenye safu alikuwa nalo.

Kiki ya kwanza ikawaka. Nikavuta resi yote. Mita kama 200 mbele njia ilikata kushoto kuzunguka kichuguu, lakini mimi sikuona kichuguu, niliona ukuta wa vumbi. Nikabana breki ya mbele huku usukani umekunjwa. Tairi la mbele likateleza, nikaenda chini, pikipiki ikanilalia mguuni. Watatu wakanipita karibu kabisa. Nilipoinuka nilikuwa na haraka ya kufidia, nikapiga kiki mfululizo huku nachezea resi, mpaka plagi ikalowa petroli. Dakika sita zikaishia pale, pamoja na pumzi ambayo ingenifikisha nusu ya mzunguko.

Pikipiki ya kabureta ikilowa hivyo, acha kuichezea. Vuta pumzi. Fungua resi mpaka mwisho, iache hapohapo, piga kiki taratibu mara tano au sita ili mafuta yaliyojaa yatoke. Kisha funga resi kabisa na piga kiki moja kamili, ya kutoka juu mpaka chini. Mimi fundi nilikuwa nikiwafanyia wateja jambo hilo kila wiki. Hofu iliniondolea ujuzi wote kichwani, na hilo ndilo lililonitia uchungu kuliko kuanguka.

Kwenye mashindano ya tatu niliamua kuondoka wa mwisho katika safu yangu. Niliacha vumbi litulie kidogo ndipo nikaondoka. Kufika saa ya kwanza nilikuwa nimewapita watu tisa bila kumkimbiza hata mmoja. Nilikuwa nawakuta tu: huyu amekaa kivulini, yule anarudisha cheni, mwingine anasukuma. Sikuamini. Nilidhani kupita mtu ni lazima umshinde kasi, kumbe wengi hujipitisha wenyewe.

2. Magoti ndiyo yanayoshika, mikono inaelekeza tu

Hili ndilo ambalo hakuna aliyeniambia, na ningelipa pesa nzuri kulijua mapema.

Ukibana usukani kwa nguvu kwenye njia ya mawe na mashimo, misuli iliyo kati ya kiwiko na kiganja hujaa damu na kuvimba. Utando unaoizunguka haupanuki, kwa hiyo ndani kunabana, damu haizunguki vizuri, na mkono unakuwa mgumu kama mpini wa jembe. Kinachofuata ni vidole kuacha kutii. Kilomita ya saba nilijaribu kuvuta klachi nikaviona vidole vyangu vimeizunguka, lakini havina nguvu ya kuileta. Kilomita ya nane ikawa zamu ya breki ya mbele. Kilomita ya tisa nilishuka mteremko wa mawe nikiwa abiria wa pikipiki yangu mwenyewe, na nikaushukuru ule mgunga kwa kunisimamisha, ingawa miba yake niliitoa mkononi kwa siku nne.

Chanzo chake kilikuwa miaka yangu 20 ya lami. Bodaboda tunaendesha tumekaa. Tukipita tuta tunakaza mikono, tuta linapita, basi. Porini tuta haliishi. Ukiwa umekaa, kila pigo linapanda uti wa mgongo, na mwili unajisaidia kwa kushikilia kile kilicho karibu, yaani usukani.

Sasa nasimama. Nyuma kidogo ya kidole gumba cha mguu kuna sehemu pana ya unyayo, hapo ndipo uzito wangu unapokaa kwenye kanyagio. Magoti yanabana tenki, kiuno kinarudi nyuma kidogo, viwiko vinatoka nje, na pikipiki inacheza chini yangu bila mimi kuyumba. Mikono inashika kama mtu aliyemshika kifaranga. Kidole kimoja au viwili tu kwenye klachi, vilevile kwenye breki. Nikiona sehemu laini, hata ya mita 30, nalegeza vidole vyote na kuvikunjua. Kila mzunguko una sehemu kama hizo, na mwanzoni nilikuwa nazitumia kuongeza kasi.

Kusimama dakika 40 mfululizo si jambo la kujaribia siku ya mashindano. Mapaja yataungua. Nilianza na dakika 10 kila jioni kwenye njia ya ng'ombe nyuma ya mtaa wetu, gia ya pili, sipiti kasi ya baiskeli. Watoto wa jirani walikuwa wananipita wakikimbia kwa miguu, wakirudi kunipigia makofi. Baada ya miezi miwili nilimaliza nusu saa bila kukaa, na mikono ikawa haiumi kabisa. Nguvu za mikono sikuziongeza hata chembe. Niliacha kuzitumia hovyo, basi.

Niongeze hapa suala la maji, kwa kuwa maji na mikono vinakwenda pamoja. Siku ile ya kwanza nilikunywa chupa moja ya soda asubuhi na kula nyama choma na ugali saa moja kabla ya kuanza, nikiamini nimeshiba nguvu. Jua la Longido mwezi wa pili halina huruma, na ndani ya helmeti na kinga mwili unavuja jasho. Siku hizi nakula uji na ndizi saa tatu kabla, nabeba lita 2 za maji mgongoni zenye mrija unaofika mdomoni, na natia chumvi kidogo na sukari ndani yake. Nakunywa kabla ya kiu. Kiu ikishafika, mkono wa kulia nao unakuwa umeanza kukosea.

3. Sponji ya hewa

Hili naliandika kwa aibu, kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha.

Pikipiki nyingi za porini huchuja hewa kwa sponji, na sponji hiyo haifanyi kazi ikiwa kavu. Inatakiwa ilowanishwe oili, ikaminywe, ibaki na unyevu unaonata kila mahali, ili vumbi linase humo. Kavu, vumbi jembamba linapita. Na vumbi letu la huku, la udongo uliotokana na volkano, ni jembamba kuliko unga wa muhogo, halafu lina makali.

Wiki tatu kabla ya mashindano yangu ya kwanza niliosha sponji kwa petroli, nikaianika, nikairudisha. Kulikuwa na wateja wamesimama mlangoni. Nilijiambia oili nitaweka kesho. Kesho nilifanya mazoezi, keshokutwa pia. Siku ile chini ya mgunga, mikono ilipoanza kupata uhai, nilifungua upande wa sponji nikaingiza kidole kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta. Kilitoka kimefunikwa na kitu cha rangi ya udongo. Nilikisugua kati ya kidole na kidole gumba, nikakisikia kikikwaruza. Sikuhitaji kufungua injini kujua nitakachokuta.

Niliifungua hata hivyo, usiku uleule, nikiwa peke yangu na taa ya mkononi. Ukuta wa silinda, unaotakiwa kung'aa na kuwa na mistari midogo inayokatana, ulikuwa na mikwaruzo ya wima kama mtu aliyepitisha msumari. Ringi zilikuwa zimelika. Silinda ikaenda kuchongwa, nikanunua pistoni na ringi za saizi iliyofuata, na pikipiki ikakaa miezi minne bila kutembea kwa sababu fedha za ada za watoto zilikuwa na wenyewe. Kazi niliyoikwepa ilikuwa ya dakika 10.

Wengi wanaonijia wanataka kuongeza kitu. Ekzosi, sproketi, stika. Mimi naanza na orodha fupi isiyovutia: sponji, oili ya injini, cheni isiwe imebana wala kulegea, spoki zote zigongwe kwa spana ili usikie ipi imelegea, nati za gurudumu, na pedi za breki. Ukivikagua hivyo usiku wa kuamkia mashindano, umeshawatangulia watu ambao hutawaona mbele yako baada ya saa moja. Sponji nabeba mbili. Moja imefungwa, nyingine imelowa oili tayari ndani ya mfuko wa plastiki.

4. Unapotazama ndipo unapokwenda

Kwenye uwanda mmoja mpana, tambarare, palikuwa na jiwe moja la ukubwa wa ndoo. Jiwe moja. Kulia wazi, kushoto wazi. Nililiona kutoka mbali, nikasema moyoni nisiligonge, nikalikazia macho ili nisiligonge, na nikaligonga katikati.

Pikipiki hufuata macho. Ukitazama shimo, mabega yanageukia shimo, na usukani unafuata mabega. Kwa hiyo tazama upenyo, usitazame kizuizi. Na tazama mbali, mita 20 au 30, ukiamini kwamba kilicho karibu umeshakiona. Ni rahisi kulisema. Kulifanya kulinichukua mwaka mzima, na mpaka leo nikichoka macho yanashuka yenyewe na kutua kwenye tairi la mbele. Hiyo imekuwa dalili yangu. Nikijikuta natazama tairi, napunguza mwendo.

5. Buti kwanza

Nilikuwa na fedha za kununua kitu kimoja. Nilinunua ekzosi, ile niliyouziwa, na nikashindana nikiwa na viatu vya kazini vya gereji. Pale kwenye kona ya kwanza, pikipiki iliponilalia, kifundo cha mguu kilibanwa kati ya kanyagio na ardhi. Hakikuvunjika. Kilivimba hadi sikuweza kuvaa kiatu chochote kwa wiki mbili, na mke wangu, ambaye hakuwa amesema neno kuhusu mashindano, alileta beseni la maji ya chumvi kila jioni bila kusema neno. Ukimya ule ulinifunza zaidi ya daktari.

Buti za kweli za pikipiki za porini ni ngumu, zina vifungo vya chuma au plastiki ngumu, na zinafika karibu na goti. Zangu nilizipata mitumba, soko la Memorial, Moshi, baada ya kuzitafuta miezi mitatu. Nilipozivaa mara ya kwanza nilishtuka: sikuweza kuhisi gia. Unyayo umekuwa ubao. Ilibidi nipandishe mkono wa gia juu kidogo na kuendesha wiki nzima kabla mguu haujazoea. Kwa hiyo usizivae kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Buti, kinga za magoti na ya kifua unaweza kununua mitumba. Helmeti usinunue. Ndani yake kuna povu gumu ambalo kazi yake ni kubonyea mara moja badala ya fuvu lako. Likishabonyea halirudi, na ganda la nje linaweza kung'aa kama jipya. Hujui helmeti ya mtu ilishaanguka na nani. Kwenye hili sitaki ubishi na mtu, hata awe rafiki.

6. Beba gereji yako

Mashindano ya pili niliharibikiwa na kitu kidogo mno. Nilikuwa nimejifunza kupunguza upepo. Barabarani tunajaza karibu psi 30, porini wengi hushuka hadi 12 au 15, ili tairi lilale na kuuma udongo. Nikashusha hadi 12. Lakini mwenye pikipiki kabla yangu alikuwa ameondoa kile kibano cha ndani kinacholishikilia tairi lisizunguke kwenye rimu. Nilipovuta resi kwenye mchanga, tairi likazunguka kidogo kidogo, likabeba tyubu, na valvu ikakatika kwenye shina. Nilikuwa na tyubu ya akiba nyumbani. Nyumbani.

Siku hizi mgongoni kuna tyubu ya mbele, ambayo kwa dharura inakubali pia kukaa nyuma, vyuma viwili vya kufungulia tairi, pampu ndogo, spana za 8, 10, 12 na ile ya gurudumu, plagi, kipande cha waya laini, kiungo cha cheni na mkono wa klachi wa akiba. Kuhusu huo mkono wa klachi kuna siri ndogo: usikaze sana kile kibano chake kwenye usukani. Kikiwa kimekazwa kiasi cha kuhimili kazi lakini kinaweza kuzunguka, ukianguka mkono utazunguka badala ya kuvunjika.

Kuna mashindano makongwe yanayoitwa International Six Days Enduro, yaliyoanza mwaka 1913 huko Carlisle, Uingereza. Siku sita za porini, na mpaka leo mwendeshaji ndiye anayefanyia pikipiki yake matengenezo kwa mikono yake. Tairi anabadilisha mwenyewe, ndani ya muda aliopewa, na usiku pikipiki inafungiwa mahali ambapo haruhusiwi kuigusa. Niliposoma hayo nilianza kujipima kwa saa. Mara ya kwanza kubadilisha tyubu ya nyuma, nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi bila stendi ya gereji, nilitumia dakika 34. Mimi, fundi. Sasa ni dakika 13, na bado natamani zipungue.

7. Vumbi la mwenzako si ramani

Mashindano ya nne nilipotea. Nilikuwa nafuata vumbi la mtu aliye mbele kwa imani kamili, na yeye, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa akisikia injini yangu nyuma akadhani yuko sawa. Utepe mwekundu wa njia tulishauacha kilomita tatu nyuma. Tulitokea kwenye boma la Wamaasai, mbuzi wakatawanyika, watoto wakakimbilia ndani.

Mzee mmoja alitoka taratibu na fimbo yake. Tukazima injini, tukavua helmeti, tukamwamkia. Alituitikia, akatutazama mmoja mmoja, kisha akanyoosha fimbo kule tulikotoka. "Wenzenu wako kule. Lakini kwanza wasubirini hawa wapite." Mbuzi walikuwa wanarudi, wengi, mmoja mmoja. Tulisubiri. Nilikuwa naona dakika zikimwagika, na wakati huohuo nikaona kile ambacho sikukiona tangu asubuhi: kwamba tunapita mlangoni kwa watu. Njia ile, mti ule tulioufungia utepe, korongo lile, vina wenyewe walioturuhusu.

Tangu hapo nina desturi mbili. Siku moja kabla nakwenda kuitembelea njia kwa miguu, walau zile sehemu ngumu, na nahesabu alama. Ukiendesha dakika mbili bila kuona utepe au mshale, umepotea, rudi. Na nikiona mifugo au watu, nashuka hadi gia ya kwanza. Sekunde hizo sijawahi kuzidai.

8. Korongo halipandwi na wawili kwa wakati mmoja

Kila njia ina mahali pake pa kulia. Yetu ilikuwa na ukuta wa korongo, mita kama 15 za udongo mkavu na mawe yanayokimbia chini ya tairi. Mara ya kwanza nilipofika hapo sikungoja. Kijana aliyekuwa mbele yangu alikwama karibu na kilele, pikipiki ikamshinda, ikashuka kinyumenyume, na mimi nilikuwa katikati ya mlima nikipanda. Tulikunjana wote wawili mpaka chini. Mkono wake wa breki ulivunjika, na siku yake ikaishia pale kwa kosa langu. Nilimwomba radhi. Alinijibu "haina shida, kaka," lakini macho yake yalisema ameendesha kutoka Babati kuja kushindana.

Ngoja chini hadi wa mbele afike juu kabisa. Kipindi hicho chagua mstari wako, chagua gia yako, na ukiondoka usibadili uamuzi katikati. Ukiona kasi inakufa, usingoje izime na kukurudisha. Acha pikipiki ilale upande wa juu wa mlima, simama nayo, igeuze taratibu, ushuke uanze upya. Kushindwa mapema mlimani ni ufundi.

Na ukiona mwenzako amekwama, simama. Mwaka 2015 huko Austria, kwenye machimbo ya chuma ya Erzberg, ambako watu 500 huanza na wengi hawafiki, wanaume wanne waliotangulia walikwama sehemu moja ya mlima. Jonny Walker, Graham Jarvis, Alfredo Gómez na Andreas Lettenbichler, watu ambao kwa miaka walikuwa wakigombea ushindi huohuo. Walivutana pikipiki moja baada ya nyingine mpaka juu, wakafika mwisho pamoja, na wote wanne wakatangazwa washindi. Mabingwa wale waliona haina maana kufanya vinginevyo. Sisi tunaogombea nafasi ya 20 tuna kisingizio gani?

Mashindano yangu ya tatu, yale ya kwanza kuyamaliza, nilimkuta binti mmoja kwenye ukuta ule, anahema, amejaribu mara nne. Nami nilijaribu nikashindwa mara mbili. Tukatazamana. Akasema, "Baba, tuanze na yangu, ni nyepesi." Mmoja alishika uma wa mbele na kuvuta, mwingine alisimama pembeni akipima klachi, resi kidogo tu, tairi lizunguke polepole lisichimbe. Ya kwanza ikapanda. Tukateremka kwa miguu kuifuata ya pili. Zilichukua dakika 20 zote mbili, na tulipofika juu tulilala chali bila kusema kitu, tukitazama Mlima Meru ukiwa mbali, umevaa wingu.

Tulimaliza tukifuatana, yeye mbele, mimi nyuma, watu wanne tu wakiwa nyuma yetu. Familia yangu ilikuwa imekuja siku ile. Mke wangu alinipa chupa ya maji, nikaishika kizibo, vidole vikakataa. Nikampa yule binti ajaribu. Vyake vilikataa pia. Mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka 7, akaichukua mikononi mwetu, akaifungua, akaturudishia, na kile kizibo akakitia mfukoni. Anacho mpaka leo, kwenye kikopo chake cha kalamu.